Mtungi Ulio Chini ya Magunia

Mpwa wangu, gari ni zuri. Nimelizunguka, nimelichungulia chini, nimekuombea dua, na mama yako nimemwacha anafuta machozi ya furaha. Sasa zima simu hiyo, kaa hapa mkekani, nikuambie jambo ambalo nimekwisha kuwaambia vijana wengi pale stejini Arua na wengine kule Koboko. Wananijibu "sawa, mzee," halafu wanapakia abiria na kuondoka. Sikufichi, nimechoka kulisema. Lakini wewe ni mtoto wa dada yangu, kwako sina ruhusa ya kuchoka.

Jana nilikuuliza mtungi wa kuzimia moto uko wapi. Ukasema, "Upo, mjomba." Nikasema nionyeshe. Ukafungua buti, ukatoa gunia la mihogo mikavu, ukatoa tairi la akiba, ukatoa jeki, ukatoa kandambili za abiria aliyezisahau, ndipo ukautoa. Kichupa chembamba chekundu, mshale wa geji umelala kwenye rangi nyekundu, na pini umeifunga kwa waya wa umeme, eti isipotee. Nikakuuliza umeununua kwa ajili ya nini. Ukanijibu bila aibu: kwa ajili ya trafiki.

Sikulaumu kwa jibu hilo, maana ndilo jibu la wengi. Gari la abiria hapa Uganda linatakiwa na sheria libebe mtungi, na trafiki akiuuliza anafanya kazi yake. Ila trafiki anatazama kwa macho tu. Haupimi, haupindui, hakuambii uvute pini. Akiona kitu chekundu chenye geji, anakurudishia leseni. Kwa hiyo mtungi wa kumridhisha trafiki ni rahisi kuupata, na wauzaji wanaijua hiyo biashara. Mimi nataka ununue ule mwingine.

Kitu unachokinunua kwenye mtungi, mwanangu, ni sekunde. Usidanganywe na rangi wala na mng'aro. Mtungi wa unga wa kilo 1 ukibanwa mfululizo huisha kwa sekunde kama 8. Hata Fatiha hujaimaliza. Wa kilo 2 hauongezi muda kwa kiasi kikubwa, lakini unatoa unga maradufu kwa nguvu zaidi, na unaanza kukusamehe kama mara ya kwanza umelenga pembeni. Kwa gari hili linalobeba watu, chukua wa kilo 2. Mtu mwenye gari lake dogo la kwendea kazini anaweza kukaa na wa kilo 1, chini ya hapo asishuke. Takisi ya abiria 14 isiwe na chini ya kilo 2, na lori au basi libebe wa kilo 6 au 9. Vile vichupa vya kupuliza, vya ukubwa wa dawa ya mbu, waachie wauzaji. Vinaachwa juu ya dashibodi, jua la mchana la Koboko linavichemsha, na vingine vinapasuka vyenyewe.

Hizo sekunde ndizo zako peke yako. Kutoka Arua mpaka Koboko ni kilomita zaidi ya 50. Zimamoto ya Uganda iko chini ya polisi, namba ni 999 au 112, na ipige, nakusihi uipige. Lakini ukipata msiba katikati ya njia, tuseme huko Maracha, na gari la zimamoto likatoka Arua wakati huohuo mafuta yakiwa tele na dereva akiwa tayari, bado utalisubiri dakika 20 au zaidi. Gari dogo likishika moto vizuri halingoji dakika 20. Linateketea kwa dakika chache, na viti ndivyo vinavyotoa moshi ule mweusi unaoua kabla ya moto wenyewe.

Tukija kwenye aina. Utaingia dukani utaonyeshwa mitungi minne mitano, yote myekundu. Soma maandishi. Tafuta unga ulioandikwa ABC. A ni vitu vigumu vinavyoacha makaa, yaani viti, kapeti, magunia ya abiria, tairi. B ni mafuta. C kwa mitungi ya kanuni za Ulaya ni gesi, kwa ile ya Marekani ni umeme, na hapa kwetu zinauzwa zote mbili, basi usibishane na muuzaji juu ya hiyo C. Gari lina A na B, lina pia umeme wa betri, na unga wa ABC unavimudu vyote. Kuna unga mwingine wa BC. Huo unazima petroli vizuri lakini siti iliyoshika makaa inaweza kuwaka tena baada ya wewe kugeuza kichwa. Ule wa ABC ukipata joto huyeyuka na kuyafunika makaa.

Pembeni ya hizo herufi utaona namba, kwa mfano 13A 70B, ambazo ni za kawaida kwenye mtungi mzuri wa kilo 2. Hiyo 70B maana yake mtungi wa namna hiyo ulizima sinia la majaribio lenye lita 70 za mafuta na maji. Lakini moto huo ulizimwa na mtu aliyezoea, sinia limetulia chini, hakuna mama anayepiga kelele akitafuta mtoto wake. Namba ikiwa kubwa, mtungi una uwezo zaidi. Usiitafsiri kuwa ni ahadi kwako. Na mtungi usio na namba yoyote wala jina la kiwango chochote urudishe juu ya meza ya watu.

Watakuonyesha pia ule wa kaboni dayoksaidi, wenye pembe nyeusi mdomoni na usio na geji. Ni mzuri kwa ofisi yenye kompyuta. Barabarani upepo unaichukua hiyo gesi kabla haijafanya kazi, na ukiifungulia ndani ya gari lililofungwa unawakosesha pumzi haohao unaotaka kuwaokoa. Chupa yake ni ya chuma kizito pia. Povu ni zuri kwa mafuta, ila si kila povu limepimwa kwa umeme, na kwa gari dogo halikuzidishii kitu. Ukikutana na mtungi wa zamani wa haloni umetolewa kwenye gari kuukuu la mashirika au la jeshi, jua kwamba ulikuwa hodari kweli, lakini dunia ilikubaliana kuiacha gesi hiyo kwa sababu inatoboa tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal ni wa 1987, nchi tajiri ziliacha kuitengeneza 1994, na sisi wengine 2010. Utaujaza wapi? Mwachie mwenye makumbusho.

Unga una kasoro yake, nikuambie kabla hujaambiwa na fundi. Ukiingia kwenye injini na ukapata unyevu unakula nyaya na aluminiamu. Ukishautumia, isafishe injini mapema. Wapo madereva wanaosita kubana mtungi kwa kuiogopa hiyo kazi ya kusafisha, na wakisita, wanaishia kuuza vyuma chakavu.

Sasa nikufikishe kwenye jambo linalonitia hofu zaidi ya mtungi wenyewe: jerikani. Sisi watu wa West Nile tumelelewa na jerikani. Rais Idi Amin alipoanguka 1979 watu wetu walikimbilia Zaire, Kongo ya leo, na Sudan, na waliporudi katikati ya miaka ya themanini hapakuwa na kazi. Vijana wakaanza kuvusha petroli kutoka upande wa Ariwara, huko Zaire, mafuta yaliyopita Uganda bila kodi kana kwamba yanaenda kutumika ng'ambo, kisha yakarudi usiku kwa baiskeli. Wakakaa kwenye kona za Arua na jerikani zao na chupa zao, wakajiita OPEC Boys, na mji mzima ukanywesha magari kwao. Wasomi wa Ulaya wameandika makala juu yao. Upande wa Kongo wauzaji wa namna hiyo wanaitwa Kadhafi. Mimi siwacheki vijana wale, walilisha familia. Lakini walituachia mazoea ya kuiona petroli kuwa ni bidhaa ya kupakia, sawa na sukari na mchele.

Na mazoea hayo nimeyaona kwenye gari lako. Usikatae, harufu ninayo puani mpaka sasa. Lita 20 kwenye buti, kifuniko kimezibwa kwa kipande cha nailoni, abiria wawili wamelazwa humohumo nyuma, na mtungi umezikwa chini ya mizigo. Petroli haihitaji joto ili itoe mvuke unaowaka. Hata kwenye baridi kali ya Ulaya inatoa. Dizeli ndiyo inayongoja mpaka ipite nyuzi 50 na kitu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, unajaza kapeti, unatafuta cheche ya mtu anayechaji simu. Ikilipuka hapo hakuna mtungi. Nasema hakuna, hata wa kilo 9. Mtu akikuomba umbebee jerikani hadi Oraba mpakani kwa sababu kule inalipa, mwambie akatafute lori lake.

Na kwa kuwa tumetaja Oraba. Ng'ambo yake ni Kaya, na ndani zaidi huko Sudan Kusini, mjini Maridi, Septemba 2015, lori la mafuta lilianguka, watu wakaja na ndoo, likalipuka, wakafa zaidi ya 170. Sange, Kongo, tarehe 2 Julai 2010, zaidi ya 230. Kwetu hapa Namungoona, Kampala, Juni 2013, zaidi ya 30, na wengi walikuwa vijana wa boda. Morogoro, Tanzania, Agosti 2019, zaidi ya 100. Katika misiba hiyo yote watu walikuwa wamesogea karibu. Ukikuta tangi limelala barabarani, usishuke na mtungi wako kujifanya shujaa, wala usishuke na chupa. Geuza gari, rudi ulikotoka, na abiria wakikusonya wakusonye.

Mtungi ni wa moto mdogo. Waya ulioungua chini ya dashibodi, mpira wa petroli uliopasuka ukadondosha juu ya eksozi, breki zilizoganda mpaka tairi likaanza kufuka. Kwa tairi hata maji yanasaidia, yamwage mengi. Kwa petroli maji usimwage, utaieneza. Mchanga unafaa kwa mafuta yaliyomwagika chini, sio kwa injini. Na mengi ya hayo tunayatengeneza wenyewe. Nilifungua sanduku la fyuzi la gari moja pale gereji nikakuta fyuzi mbili zimebadilishwa kwa waya wa shaba, na nyingine kwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Fyuzi kazi yake ni kukatika. Ukiizuia isikatike, waya wote nyuma ya redio ndio utakaokatika badala yake, kwa kuungua. Hizo spika kubwa ulizofunga, nani alivuta waya wake? Usinijibu, kesho tutaangalia pamoja.

Lipo pia jambo la kuchekesha kidogo. Gari lako limetoka Japani. Chungulia miguuni kwa abiria wa mbele, utakuta kijiti chekundu cha plastiki kimebanwa kwenye kishikio. Madereva wengi hapa wanaamini hicho ndicho cha kuzimia moto, na yupo aliyemwonyesha trafiki kwa kujiamini kabisa. Kile ni fataki ya hatari. Wajapani hukiwasha na kukiweka barabarani usiku gari linapoharibika, kinatoa moto mwekundu kwa dakika kama 5. Yaani gari linawaka, na wewe unakimbilia kiberiti. Kitoe hapo, na kishikio chake kikuoneshe mahali ambapo mtungi unapaswa kukaa.

Mahali penyewe ni pale ambapo mkono wako unafika ukiwa umekaa na mkanda umefungwa: mbele ya siti yako chini, au miguuni kwa abiria wa mbele. Ufungwe kwa kishikio cha chuma chenye skrubu. Mtungi usiofungwa ukiteremka mteremko unabingirika mpaka chini ya breki, na hapo utakuwa umejinunulia ajali nyingine. Usiuweke buti. Moto ukianzia nyuma hutaufikia, na ukianzia mbele utakuwa unatoa mihogo huku injini inateketea.

Ukinunua, mambo machache yafanye mbele ya muuzaji, asikuharakishe. Mshale uwe kwenye kijani. Pini iwepo na lakiri yake ya plastiki haijakatwa. Kisha upeleke kwa muuza maharage pale sokoni, umwombe mizani yake. Uzito wa mtungi uliojaa umeandikwa kwenye karatasi yake, na ukipungua kwa kiasi kinachoonekana, umeuziwa chuma na hewa. Watu wanasahau kwamba geji inapima hewa iliyosukumwa ndani, haipimi unga. Baada ya hapo upindue kichwa chini polepole, uuweke karibu na sikio. Utausikia unga ukiteremka. Usiposikia kitu, umeganda.

Kuganda huko ndiko ugonjwa wa mitungi ya njia zetu. Lami ya kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko mpaka Oraba imetupunguzia mtikiso, Mungu awalipe walioijenga, ila ukiingia barabara za vumbi vijijini, gari linatetema kutwa nzima na unga unashindiliwa chini mpaka unakuwa donge. Siku unabana, inatoka hewa tupu. Kwa hiyo kila mwezi uufungue, uupindue, uugonge kidogo kwa kiganja. Ukiwa nao mkononi tazama na mdomo wake. Huku kwetu nyigu wa udongo wanapenda tundu la ukubwa ule. Nimeona mdomo wa mtungi uliozibwa kabisa kwa kiota, udongo mkavu mgumu, na mshale uko kwenye kijani unapendeza.

Kila mwaka upelekwe kwa fundi. Fundi wa kweli anaufungua, anaupima, anaandika tarehe. Wapo wengine wanaopangusa vumbi kwa kitambaa cha mafuta, wanabandika karatasi mpya, wanakudai pesa. Simama hapohapo utazame. Na ukiubana hata kwa sekunde moja tu, ukajaze upya, kwa sababu unga unabaki kwenye vali na hewa inavuja polepole mpaka mshale ulale. Huo wako ulilala kwa sababu gani? Watoto waliuchezea. Nilijua.

Siku yenyewe ikifika, Mungu aiepushe, weka gari pembeni, zima injini, toa watu. Watu kwanza, halafu mtungi. Wasogeze mbali, upande upepo unakotokea. Ikiwa moshi uko chini ya boneti, usiifungue yote. Vuta kamba ya ndani ili iachie kidogo tu, maana hewa ikiingia kwa wingi moto unanyanyuka usoni kwako. Simama hatua mbili tatu nyuma, vuta pini, lenga shina la moto, sio ndimi zake, bana, na upeleke mkono kushoto na kulia. Pitishia unga kwenye ule mwanya. Moto ukizimika, usikimbilie kuchungulia, subiri ukiwa na mtungi mkononi. Mtungi ukiisha na moto bado upo, au moto uko karibu na tangi, liache gari. Najua limenunuliwa kwa kuuza ng'ombe na kwa mkopo wa chama. Liache.

Jambo la mwisho lilinifanya nisilale vizuri jana, nalo halina uhusiano na duka la mitungi. Nilikaa siti yako ya nyuma, nikajaribu kutoka. Kitasa cha ndani cha kushoto hakipo, kimebaki kitundu. Cha kulia kinavutwa lakini mlango haufunguki. Nikakuita, ukaja ukanifungulia kwa nje, ukacheka. Unapakia watu wanne siti hiyo, wawili mbele pembeni yako, na wengine buti ambako hakuna kitasa kabisa. Hao wote wanakutegemea wewe uwe mzima, utoke, uzunguke, uwafungulie. Moto ukishika miguuni kwako utazunguka vipi?

Mtungi mzuri wa kilo 2 kwa kawaida haufiki bei ya tairi moja jipya, nawe umenunua manne. Lakini kama mwezi huu umekaukiwa, nenda kwanza kwa fundi wa milango, Jumatatu asubuhi, kabla hujapakia mtu. Vitasa viwili vya nyuma vifunguke kutoka ndani. Buti isibebe watu, wala jerikani. Mtungi tutaununua pamoja mwezi ujao, nami nitakuja na wewe mpaka kwenye mizani ya maharage. Na uwaambie wenyeviti wa steji za Arua na Koboko wanaokusanya pesa za kila siku kwenu madereva, watenge kiasi kidogo wanunue mtungi mmoja wa mazoezi, wawashe takataka nyuma ya steji, kila dereva avute pini kwa mkono wake.